Simu ya Kayitesi na Macho ya Mama

Asubuhi za Nyaishozi huchelewa kuamka. Ukungu hulala juu ya migomba mpaka jua lipate nguvu, na mtu aliye upande wa pili wa shamba humjui mpaka akohoe. Watu wengi huuchukia ukungu huo kwa sababu hauachi kahawa ikauke. Kayitesi aliupenda. Aliweza kutoka na ndoo kwenda kuchota maji, akasimama katikati ya migomba, akasahau maji, akasahau na ndoo yenyewe.

Hakuwa mvivu. Hilo tuliweke wazi mapema, maana majirani walimsema hivyo na walikosea. Alilima, alipika, alifua, aliimba kwaya. Ila mawazo yake yalikuwa na miguu yao wenyewe. Angebandika maharage, mawazo yakaenda kutembea, na yakirudi yanakuta maharage yameungua. Mume wake, Gaspari, fundi wa kujenga nyumba, alimtania kwamba siku moja atamsahau sokoni arudi na kikapu peke yake. Kayitesi alicheka. Moyoni aliona aibu.

Katika nyumba hiyo aliishi pia mama yake Gaspari, Nyirabageni. Mama huyu alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Ugonjwa ulianza polepole, na Kayitesi alipoolewa mama alikuwa tayari anaona nyuso kama vivuli tu. Mwaka huohuo mama alipanda vanila nyuma ya nyumba. Vanila hutambaa juu ya miti na huchukua miaka kabla ya kutoa maua. Basi mimea ikawa inapanda huku macho yake yakififia. Mwisho akawa anaijua vanila yake kwa vidole tu.

"Ukungu umehamia ndani yangu," alizoea kusema. Kisha angesema kwamba akiliona ua moja tu la vanila aliyoipanda, litamtosha.

Lakini siku hazikumpotea. Mama Nyirabageni hakujali tarehe. Alihesabu kwa gulio, siku ya soko la kila wiki. Mtoto wa jirani alizaliwa kesho yake baada ya gulio la mvua kubwa. Harusi ilikuwa jioni ya kuamkia gulio. Ukimuuliza jambo la zamani, atalitafuta kati ya gulio na gulio mpaka alipate. Hakuwahi kukosea.

Siku moja Gaspari alimpeleka mama hospitali ya Nyakahanga. Muuguzi aliwaeleza kwamba mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mdogo. Madaktari wa macho wangefika kwa siku chache tu, kisha waondoke. Aliwapa tarehe na kuwasihi wasikose. Jicho la kushoto halikufaa kungoja sana.

Wakati wa kurudi, mama alimuuliza Gaspari tarehe hiyo iko karibu na gulio lipi. Gaspari akapiga hesabu, akamwambia ni kesho yake baada ya gulio la tatu.  Mama alikwisha kuihifadhi.

Gaspari alikuwa na kazi ya kujenga Kayanga, na huko angelala wiki nzima. Safari ya upasuaji ilimwangukia mkewe. Alimjua mkewe. Kwa hiyo alipouza kahawa yake alimnunulia simu ya kupangusa.

"Hii haisahau," alimwambia. "Wewe iambie tu."

Kayitesi aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anaogopa kusahau, na mtu mwenye hofu hiyo hupokea kila anachopewa. Elick, muuza simu, alikwisha kumwekea programu ya kumkumbusha kunywa maji na nyingine ya kuhesabu hatua. Wanakwaya wenzake wakampa ya mapishi na ya aya za kila siku. Matangazo nayo yakaleta yake. Kila lilipotokea tangazo likisema "pakua", alipakua. Akawa na kalenda juu ya kalenda, madaftari, programu ya hali ya hewa iliyomweleza mvua ya mji asioujua, na moja ya kutafsiri ndoto. Hiyo aliipenda kuliko zote. Kayitesi aliota sana, akiwa amelala na akiwa macho.

Tarehe ya hospitali aliiandika katika programu ya kupanga kazi. Ilikuwa ya Kiingereza, yenye picha ya mlima wa theluji. Maneno mengi hakuyaelewa, lakini ule mlima ulimtia imani.

Simu ikaanza kulia. Ililia imkumbushe maji. Ililia impongeze kwa hatua alizotembea, yeye anayepanda kile kilima na ndoo kichwani kila siku ya Mungu. Ililia kumwambia kwamba kuna programu nyingine nzuri zaidi. Mwanzoni alikuwa akikimbia kuitazama. Baadaye akawa anapitisha kidole tu, ujumbe unafutika, kazi inaendelea. Kibarazani, Mama Nyirabageni alisikiliza sauti hizo na kutikisa kichwa kwa heshima. Kitu kinachosema kutwa nzima, aliwaza, lazima kinajua mengi.

Gulio la tatu likapita. Kesho yake ukungu ulikuwa mzito. Kayitesi alikuwa jikoni anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Alitazama mlangoni akamwona mama amekaa kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha kanisani, miguu imeoshwa. Kayitesi akajiuliza kwa nini mama amependeza vile siku ya kazi. Kabla hajapata jibu, mawazo yalikwisha kuondoka. Simu ikalia. Akapitisha kidole cha mkono wenye utomvu. Maji tena, alijisemea.

Hayakuwa maji.

Alijua kesho yake mchana. Jirani yao Adelgunda, mzee aliyekuwa na ugonjwa uleule, alipita barabarani amepakiwa kwenye bodaboda, jicho moja limefungwa bandeji safi. Alimsimamisha dereva ili awasalimie. Akauliza mbona hakuwaona hospitali, wakati madaktari walimaliza kazi jana jioni na leo asubuhi wameondoka.

 Kayitesi aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alisema amekosa. Alisema ilikuwa jana, na yeye alikuwa anamenya ndizi.

"Nilijua," mama alisema.

"Ulijua, mama?"

"Jana ilikuwa kesho yake baada ya gulio la tatu. Nilioga, nikavaa, nikakaa nikikusubiri. Ulipokaa kimya nikasema basi simu imetaja siku nyingine. Simu inajua kuliko mimi kipofu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kayitesi. Alilia mpaka kichwa kikauma. Mama alimpapasa mabega, akimtuliza kama Kayitesi ndiye aliyekosewa.

Gaspari aliporudi walikwenda hospitali pamoja. Muuguzi aliwapokea vizuri, akawapa tarehe nyingine. Madaktari wangerudi baada ya miezi kadhaa, karibu na wakati ambao vanila huanza kuchanua. Akarudia kuhusu jicho la kushoto. Safari hii likikosa, hakuweza kuwaahidi kwamba litaona tena.

Kayitesi aliporudi nyumbani aliichukua ile simu akaizika ndani ya kikapu cha maharage. Aliamua kwamba atarudi kwenye kitochi, kisimu chake cha zamani cha vitufe, ambacho hakikuwa na akili na hakikujidai kuwa nayo.

Hapo ndipo alipofika bibi shamba wa kata, Kemirembe. Alikuwa mwanamke wa Muleba, Mlutheri, mwenye pikipiki iliyojaa tope na sauti ya taratibu. Alikuja kutazama vanila. Alimwamkia mama, "Shikamoo, mama," naye akajibiwa, "Marahaba, mwanangu." Kisha akakaa anywe uji. Mara kikapu kikalia.

Kemirembe alikuwa ameona mengi kwa wakulima wa kata ile, lakini maharage yanayolia hakuwahi kuyaona. Aliweka kikombe chini.

"Dada Kayitesi," alisema, "maharage yako yanakuita."

Kayitesi alijaribu kucheka, akalia. Akamsimulia yote, mlima wa theluji, utomvu, kitenge cha kanisani. Kemirembe alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaomba simu. Hakuifungua. Aliiweka kwenye kigoda kati yao.

"Tuanze na wewe, simu itafuata. Unasahau nini?"

"Kila kitu."

"Hapana. Nitajie kitu ambacho ukikisahau mtu ataumia."

Kayitesi alivipitia kimoja kimoja. Chumvi kwenye maharage haikuumiza mtu. Ndoo iliyosahaulika shambani haikuumiza mtu. Mwishowe alitaja siku ya upasuaji. Akataja dawa ya matone ambayo mama angetiwa machoni kila siku baada ya hapo. Na kwa kuwa bibi shamba alikuwa palepale, akataja maua ya vanila. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Lisipochavushwa kwa mkono asubuhi hiyo, hakuna tunda.

"Basi hizo ndizo kazi za simu yako," Kemirembe alisema. "Mtu huchagua jembe akishajua anakwenda kulima nini. Wewe ulianza kwa kununua majembe."

Ndipo akaifungua. Akamwonyesha kwamba simu ilikuja na saa, kalenda na kamera yake. Hivyo vilitosha kwa kazi alizozitaja, havikuhitaji bando, wala havikumletea matangazo. Programu ya mlima ilikuwa nzuri kwa mtu anayekielewa Kiingereza chake na mwenye bando kila siku. Kayitesi hakuwa na hayo. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwamba programu zote zilitumia mlio mmoja. Sauti ya hospitali na sauti ya maji zilikuwa sauti ileile.

Wakazipitia moja baada ya nyingine. Kemirembe alimfundisha kuuliza: Nitaitumia kwa kazi gani? Inaeleweka kwa lugha yangu? Inafanya kazi bila bando? Inaniomba ruhusa ya kuona nini? Walipofika kwenye ile ya kunywa maji, wakakuta inataka kusoma meseji na kuona namba zote za watu.

"Mgeni amekuja kukukumbusha maji," Kemirembe alisema, "anataka nini kwenye meseji za mume wako?"

Kayitesi akaifuta kwa kidole chake mwenyewe. Ya hatua ikafuata. Ya mvua ya mji wa mbali ikafuata. Ya aya alibaki nayo kwa sababu aliisoma kila jioni, lakini wakaizimia sauti. Walipofika kwenye ya ndoto, mkono ulisita. Kemirembe hakumlazimisha. Alisema kitu cha kufurahisha moyo si dhambi, mradi kisipige kelele na kisichukue kisichokuwa chake. Wakatazama ruhusa. Programu ya ndoto ilitaka kujua Kayitesi yuko wapi, usiku na mchana.

"Ndoto zangu nitaziota mwenyewe," Kayitesi alisema, akaifuta.

Baada ya hapo waligeuza lugha ya simu iwe Kiswahili. Waliweka namba ya siri ya kuifungua. Waliandika siku ya upasuaji kwenye kalenda, wakaiagiza itoe taarifa wiki moja kabla, siku moja kabla, na asubuhi yenyewe. Hapo Kemirembe akamwonya kuhusu saa. Simu huhesabu saa zake kuanzia usiku wa manane. Saa mbili ya asubuhi kwetu, kwenye simu ni nane. Ukiiandikia mbili, itakuita wakati umelala.

Mama Nyirabageni alikuwa akiwasikiliza muda wote huo. Sasa aliuliza, kwa unyonge kidogo, kama simu inaweza kuandikiwa gulio.

Kemirembe alifurahi. Alisema hakuna mtu wa mbali anayeweza kutengeneza kalenda yenye gulio la Nyaishozi, ila wao wenyewe wanaweza. Wakaliandika, wakaiamuru kalenda ilirudie kila wiki. Sasa tarehe ya hospitali ilikuwa na gulio lake pembeni, na mama akaielewa papo hapo.

"Na jambo la mwisho," bibi shamba alisema akivaa kofia ya pikipiki. "Msiiache simu ijue peke yake. Simu huzimika, huanguka kwenye maji, huibwa. Mama ajue, Gaspari ajue. Na mama, ukijua, sema."

"Nitasema," mama alisema.

Mlio ulichaguliwa na mama. Walimsikilizisha yote, ya ndege, ya ngoma, ya maji. Alichagua ule uliofanana na kengele ya ng'ombe, kwa sababu nyumbani kwa baba yake, zamani, kengele ikisikika kila mtu alinyanyuka.

Tangu hapo nyumba ikatulia. Kayitesi aliweza kusimama kwenye ukungu tena bila kitu kumpongeza. Kila jioni ya gulio alikaa kibarazani na mama, wakalinganisha. Mama anasema yamebaki magulio mangapi, Kayitesi anatazama kalenda. Jioni moja hawakukubaliana. Gulio lilikuwa limesogezwa kwa ajili ya sikukuu, simu haikuwa na habari, mama alikuwa nayo tangu asubuhi. Wakairekebisha simu. Kesho yake mama alitembea na tabasamu siku nzima.

Kisha kengele ya ng'ombe ikalia. Ilikuwa wiki moja kabla. Kayitesi aliacha jembe hapohapo, akaenda kumwambia mama, akampigia Gaspari Kayanga. Ikalia tena siku moja kabla, wakapanga nguo na chakula. Asubuhi yenyewe ilipolia, mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, amekaa kwenye kigoda.

"Mwanangu," aliita kwa sauti ambayo Kayitesi hakuizoea, "leo ndiyo siku."

"Ndiyo, mama. Twende."

Walianza na jicho la kushoto. Mama alilala hospitali, Kayitesi akalala kwenye mkeka pembeni yake. Kesho yake muuguzi alifungua bandeji polepole. Mama alipepesa macho. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, kisha akageuka kumtafuta aliyekuwa amemshika bega. Kayitesi alifikiri atauliza habari za vanila. Mama hakuuliza. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kwa sababu tangu mwanawe alipooa alikuwa hajauona uso huo ila kama kivuli mlangoni.

"Kumbe uko hivi," alisema. "Na mimi nilikuwa nakuwaza mrefu."

Kayitesi alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaanza kufuta machozi.

Walirudi nyumbani na chupa ndogo ya matone na maelekezo. Mama asiiname, asibebe mizigo, asikae kwenye moshi. Matone yatiwe kwa wakati, kwa mikono iliyonawa. Kayitesi aliyaandikia matone saa zake kwenye simu, na jikoni akawa anaingia yeye peke yake. Jicho la kulia lilipangiwa safari nyingine ya madaktari, na tarehe hiyo nayo ilikuwa na gulio lake pembeni.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, ukungu ulipokuwa bado umelala juu ya migomba, Kayitesi alimshika mama mkono wakaenda nyuma ya nyumba. Vanila ilikuwa imefungua ua la kwanza. Lilikuwa la rangi ya kijani hafifu iliyochanganyika na njano, jembamba, limeinamia chini. Mama alisogeza uso karibu.  Kayitesi alichukua kijiti kilichochongwa, akainua kijingozi kidogo kinachotenganisha dume na jike ndani ya ua, akabonyeza taratibu kama bibi shamba alivyomfundisha. Kisha wote wawili wakasimama wakilitazama ua, mawazo yao yakatembea pamoja, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kitu chochote kilichokuwa kinaungua jikoni.

Kengele ya ng'ombe ikalia. Mama akageuka upesi, akatazama huku na huku, akatazama mpaka chini ya migomba.

"Iko wapi hiyo simu?"

Kayitesi aliitoa kwenye mfuko wa gauni, akaiweka kiganjani mwake. Mama aliigeuza, akaipima uzito, akaitazama mbele na nyuma kwa jicho lake jipya.

"Ndiyo hii?" aliuliza. "Kwa kelele zile za mwanzo nilidhani ina ukubwa wa redio ya marehemu baba yenu. Na mimi nilikaa na kitenge changu, nikakaogopa kadude haka."

Kayitesi alinawa mikono kwa maji ya ndoo ambayo, safari hii, alikuwa ameikumbuka. Akafungua chupa ya matone. Mama akaketi kwenye kigoda, simu mapajani, akainua uso kuelekea mwangaza na kufumbua macho.